Madaktari 50 waliokwenda Cuba: kisa cha Kenya na daktari wa familia wa mashambani

Septemba 2018 serikali ya Kenya iliwapeleka Cuba madaktari 50 wakasomee udaktari wa familia, yaani fani ya daktari mmoja anayetibu watu wa umri wote na magonjwa ya kila aina. Miezi mitatu kabla yao, mwezi Juni, madaktari 100 wa Cuba walikuwa wametua Nairobi na kugawiwa kaunti mbalimbali, wakiwemo mabingwa wa upasuaji, wa figo na madaktari wa familia wengi tu. Mpango wenyewe uliiva baada ya Rais Uhuru Kenyatta kuzuru Havana mwezi Machi mwaka huo. Chama cha madaktari, KMPDU, kiliupinga tangu siku ya kwanza. Kilikuwa na kumbukumbu mbichi ya mgomo wa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, na kiliuliza kwa nini waajiriwe wageni ilhali madaktari Wakenya waliohitimu wako nyumbani wakisubiri ajira. Serikali ikajibu kwamba mabingwa wetu hawakubali kwenda mashambani.

Majibizano hayo yalijaza magazeti kwa miezi. Lakini kulikuwa na swali jingine ambalo halikuulizwa kwa sauti ya kutosha. Kenya ilikuwa inafundisha madaktari wa familia humu humu nchini tangu mwaka 2005, na ilikuwa inawafundishia katika hospitali za mashambani. Ilikuwaje tukavuka bahari kutafuta Havana kitu ambacho kilikuwa kinatolewa katika hospitali za Webuye na Chogoria?

Nimekifuatilia kisa hiki kwa sababu naamini kinaeleza kosa ambalo bado tunalirudia. Hatukukosa mafunzo. Tulikosa pa kumweka mtu tuliyemfunza. Mradi wa Cuba na mradi wa Eldoret, yaani mafunzo ya Chuo Kikuu cha Moi, ilikwama mahali pamoja, siku ambayo daktari alimaliza masomo akauliza: sasa naripoti wapi, na kwa kazi gani?

Kilichoanzia Eldoret

Chuo Kikuu cha Moi kilianzisha kitivo chake cha udaktari karibu na mwaka 1990, na tangu awali kilijitofautisha na Nairobi kwa jambo moja: mwanafunzi alitolewa darasani akapelekwa vijijini, akaishi huko kwa wiki kadhaa, akajifunza magonjwa ya eneo kwa kuyahesabu nyumba kwa nyumba. Hivyo haikushangaza kwamba ndicho kilichofungua shahada ya uzamili ya udaktari wa familia mwaka 2005, ya kwanza nchini. Hospitali za kanisa zilikuwa na mkono mkubwa katika kuianzisha. Kwa miongo mingi hospitali hizo zilikuwa zimewategemea madaktari wachache wanaofanya kila kitu, na zilijua wakiondoka hao hakuna wa kuwarithi.

Mahali pa mafunzo palichaguliwa kwa makusudi. Hospitali ya rufaa ya Moi pale Eldoret ilitoa wodi kubwa na mabingwa. Chogoria, hospitali ya kanisa la PCEA katika miteremko ya Mlima Kenya, ilikuwa tayari na sifa ya kazi ya vijijini. Katika miaka ya 1980 huduma zake za uzazi wa mpango zilitajwa mbali kuliko Meru. Tenwek, kule Bomet, iliyoanzishwa miaka ya 1930, ilikuwa na upasuaji wa hali ya juu. Na Webuye, kule Bungoma, wakati huo hospitali ya serikali ya wilaya, ilitoa kile ambacho hospitali za kanisa hazingeweza kutoa: maisha halisi ya hospitali ya umma, ambako dawa huisha kabla ya robo ya mwaka kwisha na daktari mmoja huzunguka wodi nne.

Nasisitiza Webuye kwa sababu naiona ndiyo moyo wa kisa hiki. Mji uko kwenye barabara kuu ya kwenda Malaba, kwa hiyo ajali za malori ni jambo la kawaida. Malaria ni ya mwaka mzima. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, iko katika koo nyingi za magharibi. Na Chuo Kikuu cha Moi kiliweka hapo mfumo wa kufuatilia kaya, vizazi na vifo katika vijiji vinavyoizunguka hospitali, hivyo anayejifunza pale angeweza kuona alichokitibu asubuhi wodini kimetoka kijiji gani. Ni darasa ambalo huwezi kulijenga Nairobi hata ukipewa mabilioni.

Baadaye Aga Khan ya Nairobi ikaanzisha mafunzo yake, na Chuo Kikuu cha Kabarak kikaanzisha ya kwake kikishirikiana na hospitali za kanisa za mashambani. Madaktari wa kwanza wa Moi walihitimu mwaka 2008. Kwa hiyo ile ndege ya kwenda Cuba ilipopaa, nchi ilikuwa na miaka kumi ya wahitimu wake yenyewe. Walikuwa wachache, ndiyo, lakini hakuna aliyekaa akauliza kwa nini ni wachache.

Huyo daktari hufanya nini hasa

Wengi waliobishana mwaka 2018 hawakuwa wamemwona daktari wa familia akifanya kazi, kwa hiyo acha nimweleze kwa mfano. Mgonjwa huyu nimemtunga, lakini hakuna tatizo hata moja kati ya matatizo yake ambalo ni geni katika hospitali ya kiwango cha 4, ile iliyokuwa ikiitwa ya wilaya, magharibi mwa Kenya.

Ni bibi wa miaka sitini na ushee kutoka kijiji kilicho nje ya Webuye. Amekuja na kidonda cha mguu kisichopona. Sukari iko juu, shinikizo la damu liko juu. Katika mpangilio wa kawaida, kidonda kitampeleka kliniki ya upasuaji siku moja, sukari kliniki ya siku nyingine, na kila safari ni nauli ya bodaboda kwenda na kurudi. Anayemhudumia kila siku ni mwingine. Mara ya tatu haji. Anarudi baada ya miezi miwili mguu ukiwa umeoza, na sasa anapakiwa kwenye ambulensi kwenda Eldoret, zaidi ya kilomita 60, akakatwe.

Daktari wa familia anaanzia kwingine, akimwita "kukhu," yaani bibi kwa lugha ya kwao.

"Kukhu, nyumbani mko wangapi?"

"Niko na wajukuu watatu, mwanangu. Mama yao yuko, lakini ana mimba kubwa. Na huyu mdogo ana ugonjwa wa damu, kila mwezi tuko hapa."

"Na dawa ya sindano unaiweka wapi?"

"Kabatini. Stima hatuna."

Majibu hayo mafupi yanabadilisha matibabu yote. Insulini inayokaa kabatini chini ya bati la moto imeshapoteza nguvu, ndiyo maana sukari haishuki. Kuongeza dozi hakutasaidia, na chungu cha udongo chenye mchanga uliolowa kitaihifadhi vizuri zaidi. Mtoto wa selimundu anahitaji kinga ya malaria na dawa yake ya kila siku, na anaweza kuonwa siku ile ile bibi anapoonwa, nauli ikawa moja. Na yule mjamzito, ukiuliza zaidi, alijifungua kwa upasuaji mara iliyopita na alikuwa anapanga kujifungulia nyumbani kwa sababu hakuna wa kumwachia mgonjwa wa sukari. Sasa jina lake linaandikwa, mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chao anapigiwa simu, na siku yake inapangwa.

Bado hatujamaliza kazi ya daktari huyu. Yule mama uchungu ukimshika usiku wa manane, kovu la zamani likatishia kupasuka, hakuna bingwa wa uzazi wa kuitwa. Anayeingia chumba cha upasuaji ni yule yule aliyeuliza habari za kabati. Anamtoa mtoto, na mtoto asipolia yeye na muuguzi ndio wanaompumulisha. Asubuhi anapita wodini, mchana anakaa na afisa wa kliniki wa zahanati jirani kupitia wagonjwa waliomshinda. Jioni huenda akawa na familia inayomuuguza mzee wa saratani ambaye hospitali kubwa imemrudisha nyumbani, akiwafundisha kumpa mofini ya maji kwa vipimo.

Upana huo ndio unaofundishwa kwa miaka mitatu hadi minne, kutegemea chuo. Daktari aliyetoka mwaka wa wanagenzi, ule wa kujifunza kazi baada ya chuo, anaweza kufanya sehemu za kazi hii, kwa hofu na bila wa kumuuliza. Bingwa wa fani moja anafanya sehemu yake kwa ustadi mkubwa, kisha anamwelekeza mgonjwa kwingine. Hospitali ya mashambani inahitaji mtu mmoja anayeweza kushika nyuzi zote hizo, na akaweza kuwafundisha wengine waliopo.

Walichokwenda kukisoma Cuba

Nataka kuitendea Cuba haki, maana katika mabishano yetu iligeuzwa ama mkombozi ama tapeli, na si lolote kati ya hayo.

Baada ya mapinduzi ya 1959, takriban nusu ya madaktari 6,000 wa kisiwa hicho walihama. Mwaka 1960 serikali iliunda huduma ya udaktari ya vijijini, na wahitimu wakapelekwa milimani na mashambani. Mwaka 1984 ikaja hatua kubwa zaidi: daktari na muuguzi wa familia, wawili wanaoishi katika mtaa wanaouhudumia, mara nyingi nyumba yao ikiwa ghorofani juu ya kliniki yao. Mwanzoni kila timu ilipewa kaya 120 hadi 150. Kila mtu katika eneo huwekwa katika moja ya makundi manne: mwenye afya, aliye hatarini, mgonjwa, na mwenye ulemavu au athari za kudumu. Kundi ndilo linaloamua utatembelewa mara ngapi kwa mwaka, uwe umeugua au hujaugua. Nyuma ya timu kuna kituo kikubwa chenye maabara na mabingwa wanaokuja kwa zamu, na nyuma ya kituo kuna hospitali.

Matokeo yake yanajulikana. Juni 2015 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha Cuba kuwa nchi ya kwanza kukomesha maambukizi ya HIV na kaswende kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Malaria iliondolewa huko zamani, na uthibitisho ulitolewa mwaka 1973. Wajawazito hupimwa selimundu tangu miaka ya 1980, jambo ambalo Bungoma na Kisumu wangelihitaji jana.

Kwa hiyo kulikuwa na cha kujifunza, na cha thamani. Lakini hebu tukiweke kando ya bibi yetu wa Webuye. Daktari wa familia wa Cuba hafanyi upasuaji wa kujifungua. Hana sababu ya kuufanya: nchi ina karibu madaktari 8 kwa kila watu 1,000, na hospitali yenye bingwa wa uzazi iko karibu. Mtaala wake ulijengwa kwa ajili ya mtaa uliozungukwa na madaktari wengine pande zote. Haoni malaria kali ya mtoto mwenye degedege, kwa kuwa malaria hakuna. Daktari wetu akisoma huko, kwanza ajifunze Kihispania, kisha ajifunze kazi iliyokatwa kwa kipimo cha nchi nyingine, halafu arudi Webuye ambako usiku wa manane atatakiwa kushika kisu.

Utafiti wa Afya na Idadi ya Watu wa Kenya unaonyesha kwamba mwaka 2014 asilimia 61 ya vizazi vilitokea katika vituo vya afya. Kufikia 2022 ilikuwa asilimia 82. Ni ushindi mkubwa, na una maana yake kwa mafunzo. Mama ameshakubali kuja. Sasa swali ni nani yuko zamu atakapofika, na kama anajua kumpasua, kumpa ganzi ya uti wa mgongo na kumzuia asivuje damu hadi kufa. Daktari wa familia wa Kenya ambaye hakufundishwa hayo atakuwa na elimu nzuri ya mtaa na mikono isiyotosha hospitalini.

Na kinyume chake ni kweli pia. Mafunzo yetu ya nyumbani yana hatari ya kumezwa na wodi. Mwanafunzi akiwa Tenwek au Chogoria, wagonjwa ni wengi mno hata kwenda kijijini huwa ni jambo la muhula mmoja na ripoti moja. Ule uorodheshaji wa kaya kwa makundi manne tungeweza kuuleta Webuye kwa gharama ndogo. Ungetosha ujumbe wa wakufunzi wachache kwenda, kuangalia, na kurudi kuutia katika mtaala wa Moi na Kabarak. Hilo ndilo ningelitamani lifanyike badala ya kuwaondoa madaktari 50 kazini na kuwatenga na familia zao kwa miaka miwili. Waliokuwa kule walilalamikia posho na kutoonana na jamaa zao, na Machi 2019 mmoja wao alifariki akiwa huko. Jambo hilo lilitikisa taaluma nzima, na lilistahili kututikisa sote.

Mandera

Tarehe 12 Aprili 2019, madaktari wawili wa Cuba walitekwa nyara mjini Mandera wakielekea kazini, na askari mmoja aliyekuwa akiwalinda aliuawa. Walivushwa mpaka hadi Somalia. Wenzao waliokuwa katika eneo hilo wakaondolewa.

Ninalitaja tukio hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni utu: watu wawili walikuja kutibu Wakenya na hawakurudi nyumbani. Ya pili inahusu kisa chetu moja kwa moja. Udaktari wa familia hutegemea daktari kujua nyumba za watu, na watu kujua nyumba yake. Daktari anayekwenda kazini kwa gari la polisi hawezi kuwa huyo, hata awe na moyo wa dhahabu. Mandera inahitaji daktari anayezungumza Kisomali, ambaye shangazi yake anaishi mtaa wa pili. Daktari huyo haagizwi kutoka nje kwa mkataba wa miaka miwili. Anachaguliwa akiwa kijana wa Mandera, anasomeshwa, na anarudi.

Mwaka 2023 Waziri wa Afya, Susan Nakhumicha, alitangaza kwamba mkataba na madaktari wa Cuba hautaongezwa. Mradi ukaisha.

Walipomaliza, wakaenda wapi?

Hapa ndipo pananiuma zaidi.

Tangu 2013, chini ya Katiba ya 2010, hospitali za kiwango cha 4 na 5 ni za kaunti. Kaunti ndiyo inayoajiri, inayopandisha cheo na inayotoa ruhusa ya masomo. Mafunzo ya uzamili yamebaki mikononi mwa vyuo na wizara ya kitaifa. Katikati ya pande hizo mbili kuna pengo ambalo daktari wa familia huangukia. Chuo kinajua kumfunza lakini hakina uwezo wa kumpa kazi. Kaunti inaweza kumpa kazi, ila katika orodha yake ya nafasi hospitali ya kiwango cha 4 imeandikiwa daktari mpasuaji, daktari wa watoto, daktari wa uzazi. Daktari wa familia ama hayumo, ama yumo kwa jina tu bila fedha.

Matokeo ni ya namna tatu, na mtu yeyote aliye karibu na taaluma hii atayatambua. Kuna anayerudi na shahada mpya akakuta anapangiwa zamu zile zile alizokuwa akifanya kabla ya kwenda kusoma, kwa mshahara ule ule kwa muda mrefu. Kuna anayeonekana ana busara na anajua idara zote, basi anafanywa msimamizi wa hospitali, na tangu siku hiyo kazi yake ni mikutano, genereta na madeni ya dawa. Wagonjwa hawamwoni tena. Na kuna anayepata nafasi katika shirika au hospitali binafsi mjini, na siwezi kumlaumu. Ana watoto wa shule.

Wanafunzi wa udaktari wanayaona haya yote. Kijana anayechagua fani ya uzamili huangalia waliotangulia wamefika wapi. Akimwona daktari wa familia hana cheo kinachojulikana, wala kliniki ya jioni ya kumwongezea kipato kama mwenzake wa uzazi, atachagua uzazi. Kwa hiyo idadi ndogo ya wahitimu, ambayo serikali iliitumia kama sababu ya kwenda Cuba, ilikuwa imezalishwa na serikali yenyewe kwa kutoandaa nafasi. Ukipeleka 50 Havana bila kurekebisha orodha ya ajira kule Bungoma, Turkana na Kwale, umeongeza watu 50 kwenye foleni ya wasio na pa kukaa.

Mikoa 47, kaunti 47

Kuna mfano mmoja wa nje ambao ningependa viongozi wetu wa afya wausome kuliko wa Cuba, nao ni wa Japani. Mwaka 1972, mkoani Tochigi, ulianzishwa Chuo cha Udaktari cha Jichi. Japani ina mikoa 47, na mikoa hiyo ndiyo iliyokiunda kwa pamoja kwa sababu milima na visiwa vyao vilikosa madaktari. Kila mkoa huchagua vijana wawili au watatu kila mwaka. Ada yao hulipwa kama mkopo. Akihitimu, anarudi mkoani kwake na kutumikia kwa kawaida miaka tisa, sehemu kubwa ya muda huo ikiwa katika maeneo yenye uhaba, na mkopo unafutwa. Akikataa, analipa wote kwa mkupuo pamoja na riba. Walio wengi mno humaliza mkataba wao, na wengi huendelea kuishi katika mikoa hiyo hata baada ya hapo.

Sisi tuna kaunti 47. Sidhani kuna nchi nyingine ambayo ramani yake inaukaribisha utaratibu huo kwa urahisi kama yetu. Kaunti zikipeleka madaktari wawili wawili kila mwaka katika mafunzo ya familia, ni wanafunzi 94 kwa mwaka. Si lazima kujenga chuo kipya. Moi, Kabarak na wengine wapo, na hospitali zinazoweza kufundishia zipo kutoka Webuye hadi Chogoria. Pwani ndiko kunakohitaji kuongezwa haraka.

Kinachoufanya utaratibu wa Jichi ushike ni kwamba mkoa unajua tangu siku ya kwanza huyu ni wa kwetu, na kijana anajua tangu siku ya kwanza atarudi wapi. Kifungo cha mkataba peke yake hakitoshi. Kenya tumeshafunga watu mikataba mingi, ikaisha wakaondoka siku iliyofuata. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu hili mwaka 2010 na kuupitia upya 2021, na mambo linayoyapendekeza yanakubaliana na akili ya kawaida: chukua waliozaliwa mashambani, wafundishie huko huko, wape cheo na njia ya kupanda, wape nyumba inayofaa, na usiwaache peke yao. Hilo la mwisho husahaulika. Daktari mmoja wa familia katika hospitali nzima atachoka katika mwaka wa pili. Wawili watapokezana usiku, watashauriana juu ya mgonjwa mgumu, na mmoja ataweza kwenda zahanatini bila kuiacha wodi tupu.

Ningeongeza jambo langu: mwanafunzi wa kaunti fulani afanye angalau mwaka wake wa mwisho katika hospitali atakayoajiriwa, chini ya mkufunzi wa chuo anayemtembelea na kumpigia simu. Afisa wa kliniki wa pale atakuwa ameshamzoea. Wauguzi watajua mkono wake. Kukhu atajua jina lake.

Sheria ipo tayari

Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi. Inaagiza mitandao ya huduma: hospitali ya kiwango cha 4 ikiwa kitovu, zahanati na vituo vya afya vikiizunguka, na timu ya wataalamu wa aina mbalimbali ikitoka kitovuni kwenda pembezoni. Miongozo ya wizara inamweka daktari wa familia kuwa kiongozi wa timu hiyo. Mwezi mmoja kabla, wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 walikuwa wamezinduliwa, wakapewa mikoba ya vifaa na simu, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya kitaifa na nusu kutoka kaunti.

Tazama kilichotokea. Tumempata mhamasishaji anayejua kaya zake kwa majina, jambo lile lile lililotuvutia Cuba. Tuna hospitali ya kitovu. Katikati pameandikwa "daktari wa familia," na katika kaunti nyingi kiti hicho hakina mtu. Mhamasishaji anapima shinikizo la damu la bibi yetu, anatuma namba kwa simu, na upande wa pili wa simu anayepokea ni afisa wa kliniki mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni. Amefanya makubwa kwa alichonacho, na anastahili mtu wa kumuuliza.

Kila kaunti inaendeshwa na mpango wa maendeleo wa miaka mitano. Wa sasa unaanzia 2023 hadi 2027, na unaofuata utaandikwa kwa maoni ya wananchi. Kabla ya huo, kila mwaka makadirio ya bajeti hufikishwa bunge la kaunti kufikia mwisho wa Aprili, na ni haki ya mwananchi kuyasoma na kutoa maoni. Fungua ukurasa wa idara ya afya, nenda kwenye orodha ya nafasi za watumishi, utafute daktari wa familia. Asipokuwemo, mwulize mwakilishi wako wa wadi na afisa mkuu wa afya. Akiwemo, uliza ni wa hospitali gani, ataripoti mwezi gani, mshahara wake ni wa ngazi gani, na ni kijana gani wa kaunti hii aliye masomoni sasa hivi kwa ajili ya nafasi hiyo.